Dada Mkubwa na Chupa Iliyolipuka

Dada yangu ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akifua mashuka ya hospitali. Mashine tunazo, kubwa kweli, lakini hakuna mashine inayojitoa nguo tumboni. Mashuka yaliyolowa lazima mtu ayavute, ayatupie kwenye toroli, ayasukume hadi kwenye kikaushio. Mtu huyo ni yeye. Mimi niko chumba hicho hicho, meza ya kukunja, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Sisi wa kufuani tuna ujinga wetu: hatunywi maji kazini. Choo kiko ghorofa ya pili, na mashine ikilia haimngoji mtu. Unaingia asubuhi umekauka, unatoka jioni umekauka zaidi, na mvuke wote ule! Ukithubutu kunywa, wenzio wanakuuliza kama leo umekuja kufanya kazi au kupanda ngazi.

Basi miguu ya Dada ikaanza kukaza misuli. Mara mbili aliketi sakafuni katikati ya zamu, ameshika shavu la mguu, machozi yanamlengalenga. Msimamizi wetu, mtu mpole ila mwoga wa lawama, akamwita.

"Mama, nakupa wiki tatu. Siku ya mwisho ukimaliza zamu nzima bila kuanguka, unabaki kwenye mashine. Ukishindwa, nakuhamishia mezani."

Mezani! Mwanamke aliyezipokea mashine zile siku zinashushwa kwenye lori, aje kukunja foronya! Dada alinuna siku mbili nzima. Mimi nami roho haikutulia, maana nikiketi naye meza moja, kila foronya yangu ingekosolewa hadi nistaafu.

Akajiunga na jimu. Kocha, binti mdogo mwenye mabega kama kabati, alimuuliza swali moja tu.

"Shangazi, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Nusu glasi," Dada akajibu. "Ya kusukutulia."

Kocha akashika kichwa. Akampa unga wa mazoezi wenye chumvichumvi, auchanganye na maji, anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Lakini Dada na maji hawapatani tangu utotoni. Anasema yamepooza, hayana habari. Akajipa akili: atatumia maji ya gesi, yale yasiyo na sukari.

Kesho yake akaja nayo kazini. Akayamimina kwenye chupa ya kutikisia, akatia unga, akakaza kifuniko, akaitikisa vile anavyokung'uta mashuka. Mungu wangu! Kifuniko kiliruka, povu la rangi ya chungwa likapaa hadi darini, likashuka juu ya mashuka ya chumba cha upasuaji. Niliyakunja mwenyewe, yote! Msimamizi alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Miwani yake ilijaa povu.

Dada akalamba kidole. "Lakini ni tamu," akasema.

Nilimtukana dada yangu wa tumbo moja, na bado sijamwomba radhi. Wengine walicheka mpaka wakashikilia toroli.

Kocha alipopata habari alicheka pia, kisha akamfundisha. Unga uukoroge kwanza na maji ya kawaida kidogo, kwenye kikombe kilicho wazi. Halafu ndipo umimine ya gesi, polepole. Usifunge, usitikise. Maji ni maji, akasema, ya gesi nayo yanakata kiu, mradi yanywewe. Na habari ya choo? Mama wa mashine ya pili akaimaliza: "Wewe nenda, yako nitaishika." Baada ya wiki moja kila mtu kufuani ana kikombe chake, na kubeua ikawa ndiyo salamu yetu.

Siku yenyewe ikafika. Msimamizi alisimama kutwa nzima, mikono kifuani. Toroli ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Ya mwisho ilikuwa ya wodi ya wazazi, nzito kuliko zote. Katikati ya chumba Dada akasimama ghafla, mkono kifuani, macho kayafumba. Nikaanza kumkimbilia.

Akabeua. Mbeuo mrefu, wa heshima zake.

"Samahanini," akasema, akaisukuma toroli hadi kwenye kikaushio.

Chumba kililipuka kwa vigelegele. Msimamizi akamvutia kiti. "Hongera, Mama. Umebaki. Sasa keti upumzike."

"Niketi, halafu watoto waliozaliwa leo walale juu ya nini?"

Akafungua mlango wa mashine na kuanza kupakia upya. Mimi ndiye niliyeketi. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema, nikajifuta uso kwa kilichokuwa mkononi.

"Wewe!" Dada akanifokea kutoka kule kwenye mashine yake. "Hiyo foronya umeshaichafua. Ilete huku niifue!"