Hita Katika Barabara ya Ulyankulu

Saa saba na nusu mchana harufu ilianza: ya kutu na ya mpira uliosahaulika karibu na jiko. Kila aliyewahi kupanda gari kuukuu anaijua. Ni maji ya rejeta yakikaribia kuchemka. Tulikuwa tukitoka Ulyankulu kurudi Tabora mjini, mimi na pacha wangu Dotto tumebanana kando ya Mama, aliyeshika usukani wa pikapu yake. Nyuma kulikuwa na matenga ya uyoga, yamefunikwa kwa majani mabichi. Ilikuwa masika, msimu ambao misitu ya miombo hutoa uyoga kwa wingi, na Mama alikuwa ametia mtaji wake wote katika matenga yale. Akiba haiozi, husema wahenga, lakini uyoga huoza: usipofika sokoni kabla ya jioni hulainika, ukaingia funza, na hakuna wa kuugusa. Njia ilikuwa tope tupu. Gari lilijikokota kwa gia ya pili, na mshale wa joto ulipanda kuelekea alama nyekundu. Kusimama kungoja injini ipoe kungetumalizia alasiri nzima.

Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo, kwenye gereji ya fundi Maganga. Wakati ule karibu kila pikapu ya Tabora ilikuwa imekatwa hita, kile kifaa cha kupuliza hewa ya joto ndani ya gari. Mipira miwili inayopeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye hita, chini ya dashibodi, na kuyarudisha, ilipozeeka ilitupwa. Fundi aliunganisha matundu mawili ya injini kwa kipande kimoja cha mpira kilichopindwa, kazi ikaisha. Mipira ya Mama ilipopasuka, Maganga alitaka kufanya vivyo hivyo.

“Mama Kulwa, hita Tabora hii? Unataka kuoka mikate humo ndani?”

Gereji nzima ikaangua kicheko.

“Usitukane wakunga na uzazi ungalipo,” Mama alimjibu. “Funga mipira yote miwili, baba. Na vibano uvikaze nikiona.”

Alikuwa ameona jambo jikoni, akalihamishia kwenye gari: maji ya moto yakigawanywa katika vyombo viwili hupoa upesi kuliko yakibaki katika kimoja. Kwake, hita ilikuwa rejeta ya pili.

Basi siku ile ya tope akasogeza swichi ya hita hadi mwisho, akawasha feni na kutuamuru tushushe vioo. Upepo uliotoka ulikuwa wa tanuri.

“Mama, tunaiva!” Dotto akalia.

“Iveni,” akasema bila kugeuka. “Uyoga usiive.”

Nilikaza macho kwenye mshale. Ulisita, ukatikisika, kisha ukaanza kushuka. Tuliingia sokoni jua lingali juu ya mapaa, nguo zimetuganda mwilini, wanunuzi wakidhani tumenyeshewa. Mama alichukua uyoga mmoja, akauvunja shina mbele yao. Ulikatika kwa mlio.

Baadaye nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua injini na kuulizauliza, kwa nini jambo lile lilifanikiwa, na sijapata cha kurekebisha katika hoja ya Mama. Siku hizi magari hupuliza baridi, na vijana wa gereji hunishangaa ninapowaambia wabadilishe mipira ya hita ya pikapu yangu badala ya kuikata. Mama amezeeka, haendeshi tena. Hukaa kando yangu, na tukiingia kwenye tope, injini ikianza kulemewa, husikia kabla yangu. Hushusha kioo cha upande wake, kisha mkono wake ukaitafuta swichi ya hita.