Mwanya Kati ya Mawe Mawili

Ubao uliandikwa kwa rangi nyekundu na mtu aliyeishiwa nafasi, herufi za mwisho zikibanana ukingoni: MALORI MARUFUKU KUSIMAMA HAPA. Chini yake, kando ya barabara, palikuwa na mwanya wa kutosha gari dogo, na kila mwisho wa mwanya jiwe lililopakwa chokaa. Mbele ya jiwe la kwanza lilisimama lori. Nyuma ya jiwe la pili, hatua nyingi nyuma, lilisimama jingine, na nyuma ya hilo mengine mpaka macho yachoke, yote yakingoja kuvuka mpaka wa Busia kuingia Uganda. Mimi ni mtu niliyesoma. Niliusoma ubao mara mbili, nikajiuliza kama gari langu ni lori, nikajijibu kwamba silo, nikaingia mwanyani.

Jiwe la nyuma lilinipunguzia nafasi. Nilishuka nikalisukuma kwa mguu hadi ukingo wa mtaro, nikaegesha vizuri, pua ya gari juu ya jiwe la mbele, ikikaribia kugusa lori.

"Hapa watu husimama?" mama akauliza.

"Ubao unakataza malori tu, mama."

"Na hayo mawe yanakataza nini?"

"Mawe hayana maandishi."

Jibu hilo lilinifurahisha kwa dakika ishirini hivi.

Tulikuwa tunakwenda Nagongera, ng'ambo ya Tororo, kumzika dada yake mkubwa. Mama alizaliwa huko akaolewa upande wetu, kwa Wasamia, na maisha yao yote mpaka ulikuwa kati yao, nao wakautendea kama kijito: unakunja sketi, unavuka. Mazishi yalikuwa saa nane mchana. Mama hakuomba kiti cha mbele wala kusema neno mbele ya watu. Aliomba kitu kimoja tu: "Nataka nimwone uso kabla hawajafunga sanduku."

Alikuwa ametaka kwenda kama alivyozoea, kwa bodaboda hadi ng'ambo, kisha kwa taksi. Mimi ndiye niliyeshikilia gari. Nilisema ni kwa ajili ya magoti yake. Ukweli ni kwamba wajomba zangu wamekuwa wakiniuliza kwa miaka mingi kazi ya kuandika huleta nini nyumbani, nami nilitaka kuwajibu kwa kupiga honi langoni.

Tulisimama kwa sababu gari lilihitaji bima ya upande wa pili, na kibanda cha wakala kilikuwa pale pale. Dakika tano, nilimwambia mama. Wakala alikuwa na wateja wawili mbele yangu na mashine ya kuchapa iliyotaka kubembelezwa. Nilipotoka na karatasi yangu, sikuliona gari. Niliona lori, kisha lori. Nilipokaribia ndipo nikaliona katikati, kama herufi za mwisho za ule ubao.

Lori la nyuma lilikuwa limesogea. Kwa kawaida lingesimama kwenye jiwe. Jiwe halikuwapo, kwa hiyo lilisimama kwenye gari langu, likiniachia upana wa kiganja. Kushoto ulikuwa mtaro wa zege wenye kina cha mtu mfupi, na juu yake mbao chache za kuvukia.

Nilijaribu kutoka. Nilikwenda mbele kiganja, nyuma kiganja, usukani nikiuzungusha kama mtu anayesaga mahindi. Mama alihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba aliacha.

Dereva wa lori la nyuma aliteremka akala kipande cha muwa akinitazama. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye kanzu fupi na viatu vya mpira. Alimwamkia mama kwanza. "Shikamoo, mama." Kisha akanigeukia. "Bosi, nani amekufundisha kuegesha hapa?"

"Rudi nyuma kidogo, ndugu yangu. Mita moja tu."

"Nirudi nyuma nimrudie nani? Nyuma yangu kuna tangi la mafuta. Nyuma ya mafuta kuna mafuta."

"Basi wa mbele asogee."

"Asogee aende wapi? Mtandao wa forodha umelala tangu alfajiri. Sisi hapa tuna siku ya pili." Akaelekeza muwa wake kwenye mtaro. "Na jiwe letu nani kalitupa kule?"

Aliyejibu ni mwanamke aliyekuwa akiuza chai mbele ya kibanda cha wakala, aliyeniona tangu mwanzo. "Ni huyo mwenye miwani. Alilipiga teke kama mpira." Kisha, kwa wote waliokuwa wakinywa: "Nilijua ni mwalimu. Mtu asiyesoma angeuliza."

Ndipo nilipoelezwa, na watu watatu kwa pamoja, jambo ambalo kila mtoto wa pale analijua. Ule mwanya ulikuwa mdomo wa kichochoro. Nyuma ya vibanda kulikuwa na nyumba nyingi, na watu wake hawakuwa na njia nyingine ya kufika barabarani, maana foleni ya malori ilikuwa ukuta usiokwisha. Madereva na wakazi walikuwa wamekubaliana zamani: weka mawe, acha pengo, mgonjwa apite, jeneza lipite, maji yapite. Ubao uliandikwa baadaye, na mtu ambaye hakufikiria kwamba atatokea mtu kama mimi.

"Mama mjamzito akiugua huko ndani," muuza chai akasema, "utambeba wewe, mwalimu?"

Ilikuwa saa nne. Mama alitazama saa yangu, si uso wangu.

"Baba," akasema, kwani huniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la babu yangu, baba yake, hasa akiwa amekasirika. "Niitie pikipiki."

Ilikuja kabla sijaita. Kijana wa upande wa Uganda, koti la baridi limevaliwa nyuma mbele, alisimama akizungumza Kiswahili chao cha haraka. "Mama, mimi nakwenda. Nakufikisha kwa taksi ya Tororo, pole pole, hakuna wasiwasi."

Mama aliingiza mkono kifuani akatoa kitambulisho, akakiangalia, akakirudisha. Alipanda kwa kukaa upande, magoti yake yakifanya yale niliyosema hayawezi.

Dereva wa pwani akanyosha kiganja. "Profesa, nenda na mama yako. Niachie ufunguo. Foleni ikisogea nitalitoa, nitaliegesha pale kwa mama chai. Utalikuta."

Naandika haya kwa sababu ya sentensi yake hiyo. Miezi michache kabla, nilikuwa nimechapisha insha kuhusu madereva wa malori, jinsi wanavyosimama popote bila kujali mtu. Watu waliisifu. Sasa mmoja wao alinyosha mkono, nami nikauangalia mkono ule na kufikiria gari. Nilifikiria redio. Nilifikiria magurudumu, moja moja.

"Hapana, asante," nikasema. "Lazima mtu abaki na gari."

Mama alisikia. Hakugeuka. Pikipiki ilipita kati ya malori kama uzi kwenye tundu la sindano, na sikumwona tena.

Nilikaa ndani ya gari saa tatu na nusu. Mbele niliona mlango wa nyuma wa lori, wenye kufuli na matone ya matope. Kwenye kioo niliona pua ya lori la pwani. Jua lilipanda. Nikifungua dirisha, moshi uliingia, nikifunga, nilipikika. Na watu wa kichochoro walipita, kwa sababu iliwabidi wapite. Walijipenyeza kati ya mlango wangu na mtaro, wakisema samahani, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Mwanamke mwenye beseni la samaki aliliweka juu ya boneti apumzike. Wanaume wawili walipitisha kitanda kizima juu ya paa, mguu mmoja wa kitanda ukiandika mstari mrefu kwenye rangi. Nilishuka kulalamika, kisha nikawasaidia kukishika.

Saa saba na nusu kufuli la mbele liliondoka. Nilitoka kwa mkato mmoja wa usukani. Kwenye kioo nilimwona dereva wa pwani ameshuka kuzuia wenzake kwa mikono miwili, na muuza chai akilivingirisha jiwe kulirudisha mahali pake. Sikusimama kuwashukuru. Hapakuwa na mahali pa kusimama.

Nilifika Nagongera saa kumi na dakika chache. Udongo ulikuwa umeshajaa, umesawazishwa kwa majembe, na maua ya karatasi juu yake. Honi sikupiga. Niliacha gari nilipoona nafasi, nikaingia nyumbani kwa marehemu, ambako mama alikuwa ameketi juu ya mkeka pamoja na wanawake.

Nikaketi. Shangazi huyu, ndivyo nilivyozoea kumwita ingawa alikuwa mama mkubwa, alinifundisha kuogelea mtoni na kunyamaza mbele ya wageni. Nilitaka kuuliza kama alimwona uso.

Mama alijibu bila kuulizwa. "Walimvisha gauni la bluu," akasema. "Lile nililomletea. Kola walikuwa wameikunja vibaya. Nimeinyosha."

Nje mtu aliita. Kulikuwa na gari lililoziba njia, na wanaoleta viti vya kukodi hawakuweza kutoka. Niliinuka. Binamu mmoja alikuwa mlangoni tayari, kiganja kimenyoshwa. "Keti, ndugu. Leta ufunguo, nitalisogeza."

Mama alikuwa akinitazama. Nikautoa.