Kanzu Iliyochelewa Kuanuliwa

Nilipokuwa mtoto kule Kiswere, enzi za Mwingereza, kazi yangu ya jioni ilikuwa kuanua nguo za mdogo wangu Saidi kabla ya adhana ya magharibi. Nguo za wakubwa zingeweza kungoja. Za mtoto, hapana. Bibi yetu, mzaa mama, alisema saa hiyo ndege wa degedege hupita, na kivuli chake kikiangukia nguo ya mtoto, atakayeivaa atashikwa na homa, atakakamaa, macho yatageuka juu. Ndege mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona vizuri. Lakini muadhini akianza, kamba za nguo mtaani kwetu zote zilikuwa tupu.

Jioni moja nilinogewa na mdako kwa jirani. Nilipokumbuka, giza limeshaingia, na kanzu ndogo ya Saidi inaning'inia peke yake uani. Niliianua, nikaikunja, nikaisukumia chini kabisa sandukuni. Sikumwambia mtu. Ijumaa mama akaitoa, akamvalisha.

Siku chache baadaye Saidi akaanza kulia kichwa. Alitapika. Akataka mlango ufungwe, mwanga unamchoma macho. Homa ikapanda, shingo ikakaza kama mchi: ukimwinua kichwa, na mgongo unakuja. Kisha akatetemeka mwili mzima.

Baba alikuwa mbali, akikata mkonge upande wa Lindi. Mjomba ndiye aliyekwenda kumwita mganga wa dispensari, kijana tuliyemwita dresa. Alikuja na baiskeli yake, akamshika Saidi shingo, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu nimchome sindano sasa hivi, halafu tutafute gari aende Lindi."

"Sindano?" Bibi alicheka. "Mtoto wa degedege ukimtoboa ngozi, roho inatokea hapo hapo. Kijana, wewe umelea wangapi?"

"Bado sijajaliwa, bibi."

"Basi ngoja ujaliwe, ndio uje utufundishe."

Hata hivyo mama alikuwa anasita. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Saidi, macho yake kwenye kile kisanduku cha dawa. "Kaka, unasemaje?" alimuuliza mjomba.

"Mie naona achomwe tu. Hatujui hata kama ni degedege kweli."

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba anayeficha kosa huliongeza, na langu lilikuwa limenielemea. Nikasema, "Ni degedege. Mimi niliiacha kanzu yake kambani mpaka magharibi ikapita."

Hakuna aliyenipiga. Bibi alinivuta kifuani kwake. "Mmesikia? Mtoto hasemi uongo."

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Nenda, mwanangu," akamwambia dresa. "Ahsante kwa kuja."

"Mama, nguo haikazi shingo namna hii."

Bibi akamfungulia mlango. Nilisikia baiskeli ikisukumwa kutoka uani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Walimfukiza Saidi kwa mavi ya ndovu, yaliyotafutwa kwa wakulima wa bara, amefunikwa shuka gubigubi. Hakufa. Homa ilishuka, shingo ikalegea, na Bibi akatembea mtaani kifua mbele. "Ningewafuata hao wa sindano, saa hizi mngekuwa mnakula wali wa hitima!"

Saidi na mimi tulikuwa na mchezo wetu: nachungulia dirishani, nabinua midomo, navuta masikio, naye anacheka mpaka anaanguka. Alipoweza kukaa kitako, nikaenda dirishani nikafanya yote. Hakucheka. Uso ulikuwa umenielekea, mtulivu. Nikajua amenikasirikia kwa ajili ya kanzu. Kesho yake, vile vile. Nikanuna. Nimeshasema kosa langu mbele za watu, huyu anataka nini tena? Nikaacha hata kumpelekea uji.

Mwishowe nikaingia ndani kumkabili. "Wewe Saidi, mbona hutaki kunitazama?"

"Nakutazama, dada. Uko wapi?"

Miaka mingi baadaye, nimeolewa Mtama, mwanangu wa pili akakaza shingo vile vile. Nilimkimbiza hospitali Lindi kabla mtu hajasema neno. Daktari akanieleza kwa upole kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Vijidudu huvimbisha utando unaofunika ubongo, na mshipa unaotoa nuru jichoni kuipeleka kichwani unaweza kuharibika; jicho linabaki zima, njia ndiyo imekatika. Nikamuuliza kama sindano huokoa macho.

"Ikiwahi, huenda. Si kila mara."

Hilo "si kila mara" nimelishikilia hadi leo, na sijui kama nina haki nalo.

Mwanangu alipona, nikapita naye Kiswere kumwonyesha mjomba wake. Saidi alikuwa barazani akisokota kamba za makumbi. Akampapasa mtoto uso, polepole.

"Anaona?"

"Anaona."

"Alhamdulillahi. Mlimfukiza?"

Ningeweza kunyamaza. "Hapana. Alichomwa sindano."

Mikono yake ikasimama. "Kumbe," akasema. Kisha akaendelea kusokota.

Watu huniambia nilikuwa mtoto, na ni kweli. Tena nilisema ukweli. Lakini najua niliusema kwa ajili ya nani: niliusema ili mimi nipumue, na aliyekuwa akikosa pumzi alikuwa amelala pale mkekani. Kanzu ilikuwa kitambaa tu. Hilo nalijua kama ninavyoijua Alhamdu. Na bado, jua likielekea kuzama, mikono yangu huenda yenyewe kambani kuanua nguo za wajukuu. Naanua, nakunja, naona haya.