Furu wa Mama Mdogo

Binti wa mama mdogo alikuwa na mashavu. Naanza na hayo mashavu kwa sababu ndiyo yaliyonitesa. Tulikuwa rika moja, tulichota maji mto mmoja, baba yetu mmoja, lakini mwaka ule mvua zilipogoma mimi nilibaki mifupa na yeye aling'aa kama aliyepakwa samli. Nilimchukia, sina haja ya kuficha.

Baba alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Mama yangu ndiye aliyekuwa mke mkubwa, mtu wa hapa hapa Itiryo. Mama mdogo aliolewa kutoka kwa Wajaluo, kandokando ya ziwa, na ndugu zake walipokwenda mnadani walimpitishia kikapu cha furu wakavu, visamaki visivyozidi kidole. Kwetu samaki alikuwa nyoka wa majini. Tena mama aliamini kwamba mkono ulioshika samaki ukigusa kibuyu cha maziwa, ng'ombe watakauka. Ng'ombe wenyewe walikuwa wameshakauka zamani, lakini kila asubuhi aliosha vibuyu kwa mkojo wa ng'ombe, akavitundika, akasubiri. Sisi tukala ugali wa ulezi kwa mlenda, mchana na jioni.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mimi ndiye niliyemlea. Nilimbeba, nilimwogesha, na hakulala bila kushika sikio langu. Nywele zake zikaanza kuwa nyekundu, miguu ikavimba. Mama alisema ni jicho la mke mwenzake. Nilikubali upesi, maana maneno hayo yalinifurahisha.

Halafu mtoto akachangamka. Sikujua kwa nini, hadi siku moja nilipomtafuta nikamkuta nyumba ya pili, amekaa mapajani kwa mama mdogo, midomo inang'aa mchuzi, anacheka. Mimi hakuwahi kunichekea vile. Badala ya kushukuru kwamba anakula, nilikimbia hadi kwa mama.

"Mama, anamlisha mtoto nyoka!"

Mama alimnyakua mtoto, akamtia vidole kooni mpaka akatapika, kisha akasimama katikati ya boma akamtukana mke mwenzake na ziwa lake lote. Baba alijaribu kumtuliza.

"Mwenye njaa hana miiko," alisema.

"Basi kahamie huko kwenye samaki," mama akamjibu.

Akahamia.

Wiki chache tu, miguu ya mtoto ikavimba tena. Sasa hakulia hata alipoanguka. Nilimlaza kando yangu, nikamsogezea sikio langu, hakulishika. Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi ndiye niliyepeleka maneno, na niliyapeleka kwa wivu tu.

Asubuhi mama alipokwenda shambani, nilimbeba mdogo wangu nikavuka boma.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kupeleleza?"

"Nimemleta ale."

Hakunicheka, ingawa haki alikuwa nayo. Alipasha chungu moto, akapakua mabakuli mawili, moja akaniwekea mimi.

"Akikuona umekunja uso, naye atakataa," alisema. "Kula."

Furu walikuwa na macho. Nilifumba yangu, nikatia mdomoni, huku nikiomba wawe wachungu ili mama yangu awe amesema kweli. Walikuwa watamu, utamu wa kuudhi. Nilitafuna na machozi yakinitoka kwa hasira, nikihesabu moyoni siku zote nilizolala na njaa hatua thelathini kutoka kwenye chungu kile, nikijiona mtu safi.

Mdogo wangu alikula taratibu mpaka bakuli likaisha. Kisha akajikokota, akapita magoti yangu, akapanda mapajani kwa yule mwanamke na kuegemeza kichwa kifuani pake. Kutoka huko alinitazama, akaona bakuli langu nalo ni tupu.

"Mama," alimwita hivyo, wala si mama mdogo, "mwongeze dada."

Roho iliniuma mno. Nikanyoosha bakuli.