Leo nimekaa kwenye foleni kama gari

Leo nimefuata sheria, na nimetukanwa kuliko siku zingine zote.

Wikendi wakazi wa hapa Woodley walituita kwa mkutano, sisi watu wa bodaboda. Tuliomba kitu moja tu: tukubaliwe kupita katikati ya magari kama jam imesimama. Polepole, na bila wao kutuitia polisi.

Mwenyekiti wao akasimama. "Boda ikae nyuma ya gari ingoje, kama kila mtu."

Akapigiwa makofi. Sawa.

Sasa leo asubuhi, nani anakuja mbio stage yetu ya boda, tai imerukia bega? Mwenyekiti. Anaenda tao, mjini kati, na amechelewa. Nikampa helmeti, akapanda.

Ngong Road imeshikana hadi mwisho wa macho. Nikasimama nyuma ya pikapu, nikazima injini.

"Kijana, si upite hapo katikati?"

"Nangoja, mzee. Kama kila mtu."

Hakucheka. Akashuka, akanirudishia helmeti, akasimamisha boda ingine. Wakapenya katikati ya magari wakapotea.

Hiyo haikuniuma. Nilijua atafanya hivyo.

Kilichoniuma ni kwamba nilibaki hapo kwa leni, peke yangu, nafuata sheria yake, na jamaa wa gari ya nyuma akaanza kunipigia honi. Akatoa kichwa dirishani:

"We! Toka mbele yangu! Kwani hiyo ni gari?"

Wenye magari mko hapa, nijibuni. Katikati hamtutaki. Tukikaa nyuma yenu, tunakuwa mbele ya mwenzenu, na hapo pia hatutakikani.

Mnataka tupite wapi, juu?