Mshipa Uliolala

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na mguu wangu nao unaikumbuka. Nakusimulia kwa kuwa umechomwa sindano ya mgongo juzi, na mfuko wako wa safari nauona tayari mlangoni.

Nilikuwa kijana wa kubeba magunia bandarini hapa Kalemie. Shule niliiacha mapema, na sikutulia mahali: leo hapa, kesho Nyunzu, keshokutwa Ankoro. Kisha mshipa wa kiunoni ukaharibika. Maumivu yakashuka kama moto kutoka kiunoni mpaka kidole gumba cha mguu, miezi mingi. Mimi niliyeishi kwa miguu nikashindwa hata kufika sokoni.

Docta mmoja, mama wa makamo, akanilaza kifudifudi, akanichoma sindano ndefu kando ya uti wa mgongo. Nikauliza yote. Dawa ina rangi gani? Sindano inajuaje njia?

"Weye unauliza kuliko watu wa forodha!" akacheka. "Sasa sikiliza: mushipa nimeulalisha. Sikuuponesha. Majuma sita usibebe kitu, na kila juma urudi tukufundishe kunyoosha mugongo."

Nilisikia "nimeulalisha", nikaelewa "umepona". Si unajua, mtoto mwenye kulia akilala, mama anashukuru na kurudi kwenye kazi zake.

Siku ya tatu maumivu hakuna. Treni ya Nyunzu ilikuwa inapakia. Ningekaaje?

Kule Nyunzu, mbebaji mwenzangu Kazadi akaniona nimeinua gunia la mahindi.

"Eh, kilema! Njo weye kweli?" Yaani, ndiwe kweli?

"Njo miye! Leta la pili!"

Kwa lile la pili mshipa uliamka. Nilianguka palepale, gunia juu yangu, Kazadi bado anacheka. Tangu hapo unyayo hauinuki vizuri. Huku kuburuza unakokusikia nikipita uani ni gunia lile.

Nilirudishwa kwa yule docta. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mutu akilala, Papa, tunapita polepole."

Basi, mwanangu, sindano usiiogope. Lakini muulize docta: imeponya, au imetuliza tu? Na siku za utulivu nifanye nini? Siku hizo ni za mazoezi, si za safari. Najua miguu inakuwasha. Yangu ingali inaniwasha.

Fungua huo mfuko, utoe nguo. Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na kwanza akupe moyo wa kukaa majuma sita.