Siku Mbili za Bolijointi

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na wote walikubaliana kwamba hajui kuendesha gari. Shimo ambalo hata anayejifunza udereva angelikwepa, yeye alilipitia katikati, tena bila kupunguza mwendo. Hawakujua kwamba anafanya makusudi.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi nyumbani anakula, analala, na kabla hajakizoea kitanda chake, bosi anapiga simu. Kitu pekee kilichowahi kumzuia ni gari dogo la mkewe, lile la kupelekea wateja sare za shule. Mwaka fulani bushi za mbele, zile raba za kwenye maungio, zilikatika, naye akashinda siku mbili uani, kichwa chini ya gari na miguu nje. Mkewe akaweka kigoda karibu na tairi, akawa anampa spana huku akimwaga habari zote za mtaa, nani kahama, nani kagombana na nani. Zilikuwa siku mbili tamu kuliko fungate yao ambayo, kusema kweli, ilikatizwa na mzigo wa saruji. Tangu hapo Mama Cherehani hakukwepa tena shimo.

Safari hii mume hakuwa hata amekaa vizuri alipoomba funguo za gari. Akainua mbele kwa jeki, akaweka vigogo chini ya chasisi maana jeki hazina imani, akafungua tairi na kulitikisa. Bushi zilikuwa zimechanika. Bolijointi, kile kifundo kinachoshikanisha mkono wa chini na tairi, ilicheza kama jino bovu.

"Mama watoto, wewe unaendesha gari au unalima nalo?"

"Barabara mbovu," akasema, akivuta kigoda chake.

Lakini mume akafungua begi akatoa vipuri vyote, vipya, kwenye maboksi yake. Hapo moyo wa Mama Cherehani ukashuka. Mwaka ule mume alizunguka madukani nusu siku kuvitafuta. Kosa lilikuwa lake mwenyewe, kwani kwenye simu alimweleza mumewe mlio wa gari kwa ufundi mno, unapoanzia na unapoishia, mpaka mtu akajua cha kununua.

Kazi ikaenda mbio. Mume hakuuliza habari za mtaa, na yeye hakupata pa kuanzia. Alipoona bolijointi ya zamani imetoka, aliokota nati yake na kuitumbukiza mfukoni mwa aproni. Uso ukamwaka kwa aibu, mtu mzima kama yeye, lakini hakuirudisha. Bila nati hakuna gari, na siku ile maduka yalikuwa yamefungwa.

Mume akapachika bolijointi mpya, akaingiza vidole kwenye boksi, akatoa nati nyingine inayong'aa.

"Na ile ya zamani?" mke akauliza.

"Ya nini? Mpya huja na nati yake. Hiyo tupa."

Upande wa pili nao ukaisha hivyohivyo. Akashusha gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo akakaza bolti za bushi mara ya mwisho, kwa sababu ukizikaza tairi linaning'inia, bushi hujisokota na kuchanika upesi. Akaenda kunawa. Jua lilikuwa bado juu.

"Mbona umenuna? Si limepona?"

"Limepona."

"Basi?"

"Zamani ilikuchukua siku mbili."

Mume akaendelea kusugua kucha kwa sabuni ya unga. "Kazi hii ni ya nusu siku. Umefikiri mimi fundi mbovu kiasi hicho? Mwaka ule nilikuwa najivuta. Ulikuwa unaongea vizuri, nikaogopa nikimaliza utarudi kwenye cherehani yako."

Mama Cherehani akamtazama. Miaka yote hiyo, na mashimo yote hayo.

"Na leo?"

"Leo bosi kanipa usiku mmoja tu. Alfajiri naondoka. Nikasema nisiumalizie muda wangu chini ya gari. Nataka nikuone uso."

Akageuza ndoo, akakaa mbele yake. Habari zote ambazo Mama Cherehani alimwekea zikampotea kichwani. Mvi zilikuwa zimemwingia mume mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemwambia mkewe. Alitaka kumwomba abaki, akajua jibu, akaacha.

"Nimeshaanza kukukumbuka," akasema, "na hata viatu hujavaa."

Mume hakucheka. "Mimi nilianza jana," akasema, "nikiwa njiani nakuja."